Kiambatisho J cha Drusilla Nyangate

MINT: UTHIBITISHO WA MAHALI PA ASILI NA MAKAZI YA KUDUMU YA MWOMBAJI WA UFADHILI WA SHAHADA YA UZAMILI KATIKA UTUMISHI WA UMMA (KIAMBATISHO J)

Mchungaji, wazee wa kanisa, wakwe zetu, majirani, wafanyakazi wenza wa marehemu, na nyote mliopanda kilima hiki kwa matope haya, msidhani nimeshika karatasi isiyo yangu. Hicho ndicho kichwa cha barua ambayo dada yangu aliiandika mara nyingi kuliko barua nyingine yoyote maishani mwake, na alipokuwa amelazwa, akiwa bado na nguvu za kucheka, aliniambia, "Mokua, siku mkinizika usianze na 'marehemu alizaliwa', anza na MINT, watu wajue nilikuwa na shughuli." Basi nimeanza hivyo, na sasa naomba nirudi katika utaratibu, kwa maana dada yetu alipenda sana utaratibu, ni utaratibu tu ambao haukumpenda yeye.

Marehemu Drusilla Nyangate alizaliwa siku ya Sabato, tarehe 3 Agosti, 1991, nyumbani kwetu karibu na Gesima, katika iliyokuwa Wilaya ya Nyamira, akiwa kitindamimba na binti wa pekee wa Mzee Manasseh Ogari, mkulima wa majani chai, ambaye ameketi pale mbele, na wa mama yetu Ruth Kwamboka, ambaye alitutangulia mwaka wa 2016. Nataja wilaya kwa makusudi, kwa sababu wilaya hiyo ilimegwa ikazaa nyingine, hiyo nyingine ndiyo iliyoandikwa katika kitambulisho chake, kisha kaunti zikaja na wilaya zote mbili zikaondoka, hivi kwamba kabla hajafikisha miaka ishirini na miwili dada yetu alikuwa amekwisha kuzizika wilaya mbili, naye akabaki na kitambulisho kinachosema ametoka mahali ambapo serikali yenyewe haipatambui tena.

Masomo ya msingi aliyaanza mwaka wa 1998 katika shule ya kijijini kwetu, akayamaliza mwaka wa 2005. Wanaomkumbuka tangu wakati ule hawamkumbuki darasani, wanamkumbuka kwenye chemichemi iliyo chini ya shamba letu, ambapo wanawake walikuwa wakigombana kila asubuhi kuhusu nani alitangulia. Mtoto huyu wa miaka kumi aliweka sheria kwamba mtungi usiokuwa na mwenyewe hapo haushiki foleni, akasimama juu ya jiwe akaisimamia, na mama mmoja mnene ambaye leo yuko hapa na sitamtaja jina alirudishwa nyuma mara mbili. Mama yetu alianzia hapo kumwita Chifu. "Chifu, njoo ule," "Chifu, umeosha miguu?" Tulicheka wakati ule.

Alijiunga na shule ya sekondari ya wasichana mwaka wa 2006, akafanya mtihani wa kidato cha nne mwaka wa 2009 na kupata alama ya A ya kutoa, kisha akasomea usimamizi wa umma katika chuo kikuu tangu mwaka wa 2011 hadi alipohitimu mwezi Desemba, 2015, na wale mliokuja kwa sherehe mtakumbuka jinsi mama alivyovaa joho lile yeye mwenyewe na kukataa kulivua mpaka wageni walipoondoka.

Tarehe 1 Februari, 2016, marehemu aliajiriwa katika ofisi ya maji hapa Nyamache, na hapo ndipo alipofanya kazi hadi ugonjwa ulipomlaza. Mwenzake wa meza, ndugu yetu Benard Ochanda, ambaye alitoka nyumbani kwao Homa Bay kuja kufanya kazi kwa miezi sita na sasa anakula matoke kutuzidi, ameniambia kwamba Drusilla hakuwahi kuandika habari za chemichemi ambayo hajaikanyaga, na kwamba viatu vyake vya mpira vilikuwa mlangoni pa ofisi siku zote, vikiwa na udongo mbichi. Ni yeye aliyegundua kwamba chemichemi nyingi zilizojengewa vizuri, zikapigwa picha, zikakatiwa utepe, zilikuwa zinaharibika baada ya mwaka mmoja kwa sababu kamati zake zilijazwa wanaume ambao hawajawahi kubeba maji. Alitaka kulisomea jambo hilo, alitaka kurudi na shahada ya pili ili aisimamie idara, maana bila shahada hiyo ngazi ya juu yake ilikuwa imefungwa, na alikuwa amechoka, kwa maneno yake mwenyewe, "kuandika ripoti nzuri zinazowekewa kikombe cha chai juu."

Sasa nafika kwenye ndoa, na naomba wakwe zetu wanivumilie, na baba yangu pia, ambaye nilimsomea karatasi hii jana na akasema, "Isome ilivyo."

Mwezi Desemba, 2016, marehemu alianza kuishi hapa karibu na Itumbe na shemeji yetu Walter Mose, karani wa kituo cha kununulia majani chai, kijana mpole ambaye hakuna anayeweza kumlaumu kwa lolote isipokuwa upole wenyewe. Mwezi Aprili, 2017, wazee wetu walikuja hapa kukagua ng'ombe wa mahari, kama ilivyo desturi, wakaonyeshwa ng'ombe, wakaridhika nao wote isipokuwa mtamba mmoja mwekundu ambaye pembe yake ya kushoto ilikuwa imevunjika. Baba akasema, "Huyu amepigwa na nani? Mnataka nipeleke nyumbani ng'ombe aliyeshindwa vita?" Mzee mmoja wa upande wa hapa, Mungu amrehemu naye, akajibu kwamba ng'ombe hukamuliwa maziwa na si pembe, na kama Mzee Ogari anataka pembe nzuri basi aende kuoa kifaru. Hapo watu walivaa kofia zao. Kila upande ulisubiri mwingine utume salamu za kurudi mezani, na salamu hizo hazikutumwa na yeyote, si mwaka huo, si mwaka uliofuata.

Katika yote hayo Drusilla aliendelea kukaa hapa, akachuma chai ya mama mkwe wake, Mama Phanice, akaimba kwaya ya hapa, na tarehe 14 Februari, 2018, akajaliwa binti, Ruth, aliyepewa jina la mama yetu, na tangu siku hiyo kilima hiki kizima kilimwita Mama Ruth. Kwa macho ya kila mtu alikuwa mke. Kwa desturi alikuwa mgeni aliyekawia.

Mwaka wa 2022 marehemu aliona tangazo la Wakfu wa Daraja la Utumishi, wa kule Nairobi, uliokuwa ukiwalipia wahitimu masomo ya uzamili iwapo wameamua kuutumikia umma, nafasi moja kwa kila kaunti kila mwaka. Aliandika insha iliyotakiwa, na nimeisoma, ni ya kurasa sita na haina sentensi hata moja ya kujisifu, jambo ambalo katika nchi hii lingetosha kumpa mtu nafasi. Akaambatisha vyeti, barua za walimu wake, barua ya mkuu wake wa kazi, Kiambatisho A hadi I. Kilibaki Kiambatisho J, barua ya chifu yenye mhuri, inayosema mwombaji ni wa kaunti gani.

Alienda kwanza kwa chifu wa kwetu, upande wa Nyamira. Huyo alimkaribisha vizuri, akamuuliza habari za mtoto, akasoma karatasi mara mbili, kisha akamwambia, "Binti yangu, wewe uliolewa. Nikiandika kwamba wewe ni wa hapa, nitakuwa nimevunja ndoa ya watu, na mimi sijaitwa kwenye hiyo kesi. Nenda kwa chifu wa mume wako." Drusilla akamshukuru, akaja kwa chifu wa hapa, upande wa Kisii, ambaye pia alimkaribisha vizuri, kwa kuwa hatuna machifu wasio na adabu, naye akamwambia, "Madam, mimi nilikuwepo siku ya ile pembe. Ng'ombe hawajatoka. Nikikuandikia kwamba wewe ni mke wa hapa, nitakuwa nimekuoza mimi. Rudi kwa baba yako."

Wakfu ulimwandikia, na haya nayanukuu bila kuongeza chumvi, kwamba ombi lake "limekamilika kwa ukamilifu, isipokuwa pale ambapo halijakamilika."

Mwaka wa 2023 aliomba tena, na safari hii Mama Phanice aliacha kikapu chake cha majani chai katikati ya mstari, akaenda naye kwa chifu wa hapa akiwa bado amevaa aproni ya kuchumia. Akamwambia chifu, "Huyu mtoto wake nimembeba mimi mgongoni, chai anachuma yangu, ukuni anapasua wangu. Kama hujui anakaa wapi, njoo uone mbwa wangu, kila mtu anambwekea, wewe mwenyewe anakubwekea, huyu hambwekei." Chifu alifikiri kidogo, akajibu, "Mama, nakusikia kabisa. Lakini mbwa hana mhuri."

Hata hivyo mwaka huo Wakfu ulimwita Nairobi kwa mahojiano, akaenda, akarudi akiwa amefaulu kuliko waombaji wote wa kaunti hizi mbili, na nafasi ikawekwa ikimsubiri hadi mwisho wa mwezi Novemba, mradi alete Kiambatisho J. Ofisini Benard aliwaambia watu, "Huyu dada ana kaunti mbili zinazomsukuma kama mpira, na hakuna hata moja inayotaka kufunga bao." Aliandikia ofisi ya juu ya machifu, akajibiwa kwamba suala lake limepokelewa na kuelekezwa kwa chifu anayehusika. Aliuliza ni yupi anayehusika. Akajibiwa kwamba hilo litathibitishwa na chifu anayehusika.

Mtauliza kwa nini hakudanganya. Pale sokoni kuna kijana anayechonga mihuri ya machifu wote mpaka mipaka ya Kilgoris, na mimi mwenyewe nilimwambia hivyo. Aliniangalia akaniuliza kama ninamwambia aingie katika utumishi wa umma kwa kupitia dirishani. Akasubiri mlangoni. Mwezi Novemba uliisha, na mwaka ule nafasi ya Nyamira haikuwa na mtu, na nafasi ya Kisii haikuwa na mtu.

Mwezi Septemba, 2024, marehemu alianza kuchoka isivyo kawaida yake, akapimwa, na tarehe 19 ya mwezi huo madaktari wakatueleza kwamba ni saratani ya damu. Alitibiwa mjini Kisii, akatoka, akarudi tena, na katikati ya hayo yote akaomba ufadhili mara ya tatu, akiwa kitandani, Benard akimshikia karatasi. Tulimwambia apumzike. Alisema kwamba atapumzika akishajua yeye ni wa wapi.

Mwezi Novemba mwaka huo shemeji Walter alipanda peke yake hadi Gesima, akapiga magoti mbele ya baba, akaomba desturi isogee kidogo ili mgonjwa aandikiwe barua yake, na baba akamjibu kwamba ng'ombe hawaji kwa mdomo. Upande wa hapa nao, alipowarudia wazee wake, walimwambia kwamba hawawezi kupeleka ng'ombe kwa mgonjwa, itaonekana kama wanamnunulia kifo. Kila mtu alikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa ya heshima. Mimi nimesoma vitabu vingi, na sijaona mahali ambapo watu wengi wenye heshima kiasi hicho walishirikiana vizuri kiasi hicho kumzuia mtu mmoja asisome.

Tarehe 8 Machi, 2025, siku ya Sabato kama alivyozaliwa, saa tisa alasiri, dada yetu aliaga dunia, Walter akiwa amemshika mkono wa kulia na Mama Phanice wa kushoto.

Na hapo, waombolezaji, tukaiona serikali ikifanya kazi. Chumba cha maiti kilitaka barua ya chifu kabla ya kutoa mwili, na baba yangu, akifuata desturi isemayo kwamba binti asiyetolewa ng'ombe hurudi kuzikwa kwao, alienda kwa chifu wa kwetu, yule aliyeogopa kuvunja ndoa, na barua ikaandikwa kabla chai haijapoa, kwamba Drusilla Nyangate ni mwenyeji wa kata yake tangu kuzaliwa. Wakwe zetu waliposikia hivyo walikimbilia zizini. Jumanne asubuhi ng'ombe waliteremshwa kutoka kwa lori mlangoni petu, wote, na wa mwisho kushuka alikuwa yule yule mwekundu mwenye pembe iliyovunjika, ambaye sasa ni mama wa ndama watatu na amenenepa kuliko wenzake. Hakuna aliyemkagua. Baba alimtazama pembe kwa muda mrefu, akamfungulia lango mwenyewe, akaenda nyuma ya nyumba, na kilio chake tulikisikia sisi sote. Kesho yake chifu wa hapa, kwa kuwa sasa hakukuwa na hofu ya kumwoza mtu, naye akaandika barua yake, kwamba Mama Ruth ni mkazi wa kudumu wa kata hii na anajulikana kwake binafsi kwa mwenendo mwema, akapiga mhuri mara mbili, ule wa pili kwa sababu wa kwanza ulikuwa hafifu.

Leo machifu wote wawili wamekuja, wameketi katika hema la wageni kwenye viti vya mikono, na najua wameandaa salamu za rambirambi. Watapewa nafasi. Tunawaomba wawe wafupi, kama walivyokuwa na sisi.

Kwa niaba ya familia ya Mzee Ogari na familia ya Mama Phanice, tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi aliyolazwa, hasa muuguzi wa zamu ya mchana aliyezoea kumsomea magazeti, tunawashukuru majirani wa hapa kwa kuni, maji na matoke ambayo hayajakoma tangu Jumapili, kwaya, mchungaji, na wafanyakazi wenzake wa ofisi ya maji. Benard, viatu vyake vya mpira tumevipokea, na mtoto Ruth amekataa visioshwe, kwa hivyo vitakaa vilivyo. Tunawashukuru pia kina mama wa chemichemi kumi na moja waliokuja na mitungi yao wenyewe, wakaipanga pale langoni kwa foleni bila kuambiwa na mtu. Marehemu ameacha mume, mtoto mmoja, baba, ndugu watatu, na insha ya kurasa sita ambayo yeyote kati yenu anayehusika na maji anaruhusiwa kuisoma.

Lala unono, Chifu. Umefika kwako, na hapa hutaulizwa karatasi.

Na kwa kumbukumbu za ofisi: barua ya Nyamira iliandikwa tarehe 10 Machi, 2025. Barua ya Kisii iliandikwa tarehe 12 Machi, 2025. Drusilla alifariki tarehe 8.